Zege Lisilotaka Msaada

Asubuhi ile Kambale alikuja na gazeti, na ilionekana wazi kwamba alikuwa ameshalisoma nyumbani, kwa sababu alikohoa kwanza ndipo akalikunjua.

"Sikilizeni hii," alisema. "Wilaya ya jirani. Wamefungua mbao za ukuta mpya wa barabara inayopita chini ya reli, wamekuta una matundu mpaka ndege wameanza kuhamia. Mkandarasi amewaambia waandishi kwamba lile ni zege la kisasa, linajishindilia lenyewe, kwa hiyo msimamizi alipewa likizo."

"Alipewa likizo na nani?" aliuliza Dohani.

"Na zege."

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kahawa cha Stoyna, hapa kijijini Sivo Pole, mahali ambapo ukikaa unaona dohani za mtambo wa umeme upande mmoja na kona ya barabara upande wa pili. Kambale jina lake la ubatizo ni Trendafil. Alichimba kokoto mtoni mpaka alipostaafu, na hata leo akikaa hukaa kama mtu aliye ndani ya maji. Dohani ni Gospodin, aliyefanya kazi huko huko kwenye mtambo wa umeme, idara ya kunasa majivu kabla hayajatoka nje. Mimi hukaa mwisho wa benchi, palipong'oka ubao, kwa sababu pale hapagombaniwi.

"Hakuna zege linalojishindilia," Dohani alisema. "Hizo ni kamba. Zege unalimwaga, unatia mashine ya kulitetemesha, inanguruma, hewa inatoka, unakwenda kula. Likikaa lenyewe bila kelele, ujue limetuona wajinga."

"Mbona halmashauri yetu inajishindilia yenyewe?" Kambale alisema. "Imwage pale ukumbini, inajaza viti vyote mpaka pembeni. Haihitaji kusukumwa na mtu."

"Nayo haina matundu?"

"Yapo. Yanaonekana ukitoa mbao."

Stoyna alituletea vikombe, akamsukuma Kambale begani na kutuonyesha kwa kidevu upande wa pili wa benchi. Pale alikuwa amekaa Zapryan, ambaye sisi humwita Winchi kwa sababu alifanya kazi ya kuendesha winchi maisha yake yote. Winchi hakuwa amecheka. Kofia yake ilikuwa juu ya goti, naye alikuwa anaizungusha.

Kesho yake kulikuwa kunakuja lori la zege la namna hiyo hiyo, kwa ajili yake. Yovka, mkewe, mdogo wake Stoyna, alifariki mwaka jana majira kama haya, na Winchi alikuwa anamjengea bomba la ukumbusho pale kwenye kona, mahali Yovka alipokuwa akisubiri basi. Anayepita anakunywa maji, anamwombea marehemu, anaendelea na safari. Jumamosi ilikuwa siku ya kuwakumbuka marehemu, na padri alikuwa ameshaahidi kuja kulibariki.

Ramani ya ukuta aliichora Winchi mwenyewe. Ukuta mwembamba, wenye shimo la mviringo mbele, na juu yake jina la Yovka kwa herufi zilizotokeza nje. Nondo zilibanana humo ndani kiasi kwamba hata kidole kilipita kwa shida, sembuse mashine ya kutetemesha.

"Hao wa reli," Winchi aliuliza, "herufi zao zilitokaje?"

"Herufi zipi? Ulikuwa ukuta wa barabara."

"Mimi nina herufi, Trendafil. Jina likitoka na pengo katikati, mpita njia amwombee nani?"

Kambale alilikunja gazeti akalikalia.

Bahati nzuri Darina alipita muda huo huo. Darina ni binti yake Kambale, mtaalamu wa michanganyiko kwenye mtambo wa zege, na ndiye aliyemwambia Winchi kwamba kwa ukuta kama ule hakuna zege lingine linalofaa. Alichukua kahawa bila kukaa, viatu vyake vimejaa matope.

"Mwanangu," Kambale alianza, "umeweka kokoto za mto?"

"Nimeweka, baba. Ndogo ndogo, tena chache kuliko kawaida."

"Chache?" Kambale aliumia kweli. "Kokoto ndiyo zege lenyewe."

"Kwenye zege hili kokoto ni wageni. Wakizidi wanabanana kwenye nondo kama watu mlangoni mwa harusi, na nyuma yao panabaki tundu. Za mto ni mviringo, zinapita. Za kuponda zina viwiko."

"Mmesikia," Kambale alitugeukia. "Za mto zinapita." Lile neno la wageni alijifanya hakulisikia.

"Na hao wageni wanabebwa na nini?" aliuliza Dohani, kwa sauti ya mtu anayejua jibu.

"Na unga. Saruji, pamoja na unga mwingine laini wa kujazia. Halafu kuna dawa ya kulainisha, inayozifanya chembe za saruji zisishikane, zege litiririke bila kuongezwa maji. Na kuna gundi kidogo sana ya kuzishikilia kokoto zisizame."

"Yaani unalilainisha, halafu unalishikilia," Stoyna alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"Mama mkwe wangu alikuwa hivyo. Anakukaribisha huku amezuia mlango."

Darina alicheka. "Ni kama mtindi wako wa kunywa, ule unaoutia maji na chumvi. Ukizidisha maji na kuuacha mezani inakuwaje?"

"Maji yanapanda juu, mtindi unakaa chini. Lakini wangu haufanyi hivyo."

"Kwa sababu unajua kupima. Zege hili nalo likizidi maji kidogo tu, kokoto zinazama, maji yanapanda. Kwenye herufi hapabaki kitu cha kujaza."

"Kidogo ni kiasi gani?" Winchi aliuliza.

"Kidogo kuliko unavyodhani, mjomba. Nimepima hata unyevu wa mchanga. Likishafika hapa, mtu asiliguse." Alimtazama baba yake aliposema hivyo, na baba yake akatazama mto, ingawa kutoka pale mto hauonekani.

Dohani hakuweza kusubiri zaidi. "Huo unga laini wa kujazia. Upi?"

"Upo wa aina mbili. Unga wa mawe ya chokaa kutoka machimboni, au majivu ya mtambo wenu."

Dohani alisimama. "Hapo sasa. Mnajua chembe ya majivu inafananaje? Ofisini kwetu ilikuwepo picha iliyopigwa kwa hadubini. Kila chembe ni gololi. Mviringo kamili, bwana. Hakuna fundi duniani anayeweza kutengeneza gololi ndogo namna ile, na sisi tulikuwa tunazitoa mchana na usiku bila hata kujua. Ukizitia kwenye zege, kokoto zinateleza kama bibi harusi kwenye sakafu iliyopigwa nta."

"Na nyingine mkatupulizia sisi," Kambale alisema.

"Zile zilikuwa sampuli."

"Hapana," alisema Winchi. Hakuinua sauti. "Majivu hayaingii kwenye bomba la Yovka."

Wote tulijua kwa nini. Kabla dohani hazijafungwa vichujio vipya, upepo wa kusini ulikuwa unayaleta majivu moja kwa moja kwenye nguo za Yovka. Alifua mashuka, akayaanika, akayaanua, akayafua tena. Halafu alisimama kwenye ua na kuzifokea dohani kwa jina, "Gospodin, umeamka?" kana kwamba Gospodin amekaa juu kabisa ya mojawapo akining'iniza miguu.

"Amefua kila shuka mara mbili maisha yake yote," Winchi alisema. "Siwezi kumzungushia majivu hata sasa."

"Mimi ndiye niliyekuwa nayazuia," Dohani alisema.

"Hukuyazuia sana."

"Ungeona yale niliyoyazuia."

"Basi nitaweka unga wa chokaa," Darina alisema taratibu. "Utang'aa zaidi, utapendeza. Chembe zake zina pembe kidogo, nitaongeza dawa ya kulainisha." Aliacha kikombe, akaenda zake.

Dohani alikaa. Baada ya muda aliniinamia mimi niliyekuwa karibu naye. "Nimefukuzwa kwenye ukuta," alininong'oneza. "Na ukuta wenyewe ni mdogo kama kabati."

Siku ya pili lori lilifika mapema, pipa lake likizunguka polepole na zege kidogo tu ndani, la kutosha ukuta mmoja. Darina aliweka ubao mkubwa chini mbele ya kibanda, akasimamisha juu yake koni ya chuma, akaijaza zege, akaiinua. Lile zege lilishuka na kutanda lenyewe mpaka likawa duara safi, kokoto zimefika hadi ukingoni, likatulia. Hakuna aliyelisukuma.

Kambale alivua kofia. "Mwanangu amelifundisha adabu."

"Sasa nakwenda kuangalia boksi la mbao la ukuta," Darina alisema. "Hili likikuta ufa hata wa unene wa karata, linatoka lote." Aliondoka na Winchi pamoja na dereva wa lori, wakashuka mpaka kwenye kona. Pale mbele ya kibanda tukabaki sisi na lori.

Stoyna alitoka ndani na chungu chake kikubwa cha shaba kilichojaa maji, na shada la mrehani ndani yake.

Hilo lazima lifanyike. Kwetu mtu akianza jambo kubwa humwagiwa maji mbele ya miguu, ili mambo yake yatiririke kama maji. Mtoto anapokwenda shule siku ya kwanza, bwana harusi anapotoka nyumbani, fundi anapoanza msingi, wote humwagiwa. Stoyna alikuwa amewamwagia watu wa kijiji kizima, na hakuwa tayari kumruka mdogo wake.

"Nani anaanza kazi hapa?" aliuliza, akitazama huku na huku.

"Winchi," Dohani alisema.

"Winchi amesimama tu. Nondo zilifungwa wiki iliyopita."

"Darina basi."

"Darina ameianza tangu jana, nilipaswa kummwagia jana."

"Dereva?"

"Dereva kazi yake ni kukaa."

Kambale alikuna kidevu. "Subirini kwanza. Hili zege si linajishindilia lenyewe?"

"Ndivyo anavyosema mwanao."

"Linatiririka lenyewe, linajaza lenyewe, linatulia lenyewe. Mtu halifanyii kazi yoyote."

"Enhe."

"Basi anayeanza kazi leo ni zege."

Niliigeuza hoja hiyo kichwani mara kadhaa na sikuona ilipovuja.

"Zege halina miguu," Dohani alisema.

"Lina mdomo." Kambale alionyesha nyuma ya lori, kule juu kwenye tundu la kutilia. Palikuwa na ngazi.

"Darina alisema lisiongezwe maji."

"Alisema maji ya kuchanganyia. Haya ni ya heri."

"Tofauti yake nini?"

"Haya yana mrehani."

Kambale alipanda. Stoyna alimpa chungu, naye akakimimina. Akataka kushuka, lakini Stoyna alikuwa ameshakwenda bombani kujaza tena. "Mara moja ni uchoyo," alisema. "Ni mara tatu, kama kanisani." Dohani alishika ngazi. Nadhani, kwa vile alikuwa amenyimwa sehemu kwenye ukuta, alitaka kuwa na sehemu kwenye kitu chochote.

Darina aliporudi na Winchi hakushuku lolote, lakini ni mtu wa kupima kila mara kabla ya kumwaga. Alitoa zege jingine, akajaza koni, akainua.

Safari hii lilikimbia. Lilivuka ukingo wa ubao, likaacha kilima kidogo cha kokoto katikati, na pembeni pake pote pakazunguka utepe wa maji meupe. Juu ya maji hayo lilielea jani moja la kijani.

Darina aliliangalia lile jani.

"Baba."

"Mimi?"

"Kwa nini zege langu lina mrehani?"

Stoyna ndiye aliyejibu, chungu bado kimo mkononi. "Tumelitakia heri."

"Kiasi gani?"

"Mara tatu."

Winchi alichuchumaa karibu na ubao. Aliweka kidole kwenye ule utepe wa maji, akakitazama. "Hii ndiyo itakayoingia kwenye jina lake?"

"Tukimwaga hivi, ndiyo," Darina alisema. "Chini kokoto tupu, juu maji. Herufi zitabaki kama meno ya babu."

"Lirudishe, mwanangu," Kambale alisema kwa sauti ndogo. "Lete jingine, nitabeba lawama mimi."

"Kuanzia mchana huu mtambo wote unapiga zege la daraja la barabara kuu. Nafasi ni wiki ijayo. Jumamosi padri atabariki mbao."

Stoyna alikaa kwenye ngazi ya kibanda, chungu mapajani.

"Ongeza saruji," Kambale alisema. "Jirani ana mifuko."

"Saruji nyingi hivyo italichemsha, halafu ukuta mwembamba kama ule utapasuka. Nahitaji unga laini, mkavu, usio na haraka. Wa chokaa uko mtamboni. Hadi niufuate na kurudi, dawa ya kulainisha itakuwa imekwisha nguvu."

Hakuna aliyetaja jina. Lakini kichwa kimoja kiligeuka, halafu cha pili, mpaka tukawa sote tunamtazama Dohani.

"Msinitazame mimi," alisema. "Mimi nilifukuzwa jana."

"Unayo, mjomba?" Darina aliuliza.

"Maswali gani hayo? Kijiji kizima kinajua ninayo." Ni kweli. Gereji yake haina gari. Ina mifuko ya majivu juu ya mbao, mikavu, imepangwa, wakati watu wengine wanapanga humo chupa za pombe ya plamu.

"Ya mwaka gani?"

"Mwaka mzuri."

Darina alimgeukia Winchi. "Majivu yatayanywa maji yaliyozidi na kuzishika kokoto. Kwenye daraja nisingefanya. Kwenye bomba la maji naweza, nikijaribu kwanza kwenye ndoo nikaridhika. Rangi itakuwa nzito kuliko uliyoitaka. Lakini si mimi wa kuamua, mjomba."

Winchi alitembea hatua chache, akasimama mahali ambapo angeweza kuiona kona na dohani kwa pamoja. Pipa la lori lilikuwa linazunguka.

"Stoyna," Winchi aliita bila kugeuka. "Angesema nini?"

"Angesema nyote ni wapumbavu, na mimi ndiye kiongozi wenu."

"Halafu?"

Stoyna alifikiri. "Mdogo wangu aliyachukia majivu kwenye mashuka. Majivu ya kwenye ukuta sikuwahi kumsikia akiyataja."

Winchi aliendelea kusimama. Mwishowe alimgeukia Dohani. "Yamechekechwa?"

"Mara mbili."

"Kwa nini mara mbili?"

Dohani alitazama viatu vyake. "Siku zote nilikuwa nafikiri mkeo anaweza kuja kuyakagua."

"Kayalete," alisema Winchi.

Dohani alikwenda na kurudi na mkokoteni wa mifuko, akaenda tena kuleta mingine. Darina alichanganya kwenye ndoo, akatazama, akaongeza, akatazama tena, mpaka Kambale akaanza kuhema kwa ajili yake. Kisha mifuko ikaingia kwenye pipa, pipa likaenda mbio kwa muda, na koni ikainuliwa mara ya tatu. Duara. Kokoto mpaka ukingoni. Utepe wa maji haukuwepo.

"Twende," alisema Darina.

Hapo ikaanza kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kutofanya kitu. Zege lilikuwa linateremka kwenye mfereji wa lori na kuingia kwenye boksi bila sauti. Kambale aliokota fito.

"Baba, weka chini."

"Nalisaidia kidogo tu pale kwenye kona."

"Halitaki msaada."

Aliiweka chini. Baada ya muda mfupi akagonga boksi kwa vidole.

"Baba."

"Nimebisha hodi tu."

Tukaamriwa wote kutia mikono mifukoni. Ni Winchi peke yake aliyeshindwa. Mikono yake ilikuwa inainuka yenyewe, kiganja kinakwenda juu, chini, taratibu, simama, zile ishara za watu wa winchi, analiongoza zege lisilomwona. Darina hakumkataza. Lilipanda ndani ya boksi, likafika juu, likajisawazisha na kutulia.

"Limeisha?" Dohani aliuliza.

"Limeisha."

"Hamna hata kelele. Kazi ya namna hii serikali haitaipenda. Watakata utepe wakati gani?"

Mbao zilitolewa siku moja kabla ya ile Jumamosi. Winchi alizitoa mwenyewe, ubao baada ya ubao, na alianzia chini ili herufi ziwe za mwisho. Zilitoka zote. Hata ile alama ndogo iliyopinda, ambayo kwa maandishi yetu hukaa juu ya herufi ya kwanza ya jina lake, nyembamba kama ukucha, ilikuwa nzima. Ukuta ulikuwa laini kama yai, na rangi yake ilikuwa ya njiwa, nzito kidogo kuliko alivyotaka.

"Kokoto za mto," alisema Kambale. "Mimi nilisema mapema."

"Na maji ya heri yamechangia," alisema Stoyna.

"Shangazi, ukirudia hilo mbele ya wateja wangu nahama nchi," alisema Darina.

Dohani hakudai chochote. Alisimama nyuma yetu, na kwa kawaida yeye huwa hasimami nyuma.

Jumamosi padri alisoma, akanyunyiza, akaenda kwenye makaburi ya kijiji kinachofuata. Stoyna alitugawia ngano ya kuchemsha yenye sukari na mkate, akamimina divai kidogo chini kwa ajili ya Yovka. Winchi akafungua maji. Yalitoka membamba kwanza, yakakohoa, halafu yakatiririka vizuri.

Tukasubiri. Anayekunywa wa kwanza ndiye anayemwombea marehemu mbele za watu, na sote tulidhani ni Winchi, au dada mtu. Winchi alijaza kikombe, akakipitisha mbele ya Stoyna, akampa Dohani.

"Mimi?"

"Wewe. Kama yana ladha ya majivu, niambie kabla sijanywa."

Dohani alivua kofia akaibana kwapani. Alikunywa taratibu mpaka chini ya kikombe, na hakupumzika katikati.

"Mungu amsamehe Yovka," alisema, kama kwetu wanavyoombewa marehemu wote.

"Amsamehe," tukaitikia.

"Vipi?" Winchi aliuliza.

"Baridi."

"Na majivu?"

"Hamna." Dohani aliutazama ukuta kuanzia chini hadi kwenye jina. "Yametulia. Tangu nianze kazi, ndiyo mara ya kwanza yanakaa pale yalipoambiwa."

Winchi alichukua kikombe, akakisuuza, akakijaza.

"Angesema umechelewa," alisema.

"Angesema kwa kelele."

"Kwa kelele," Winchi alikubali, akanywa.